Aliyebonyeza Kwenye Mbili

Mzee wa Studio alihesabu hadi tatu, lakini alibonyeza kwenye mbili. Huo ndio uliokuwa ufundi wake, na kwa miaka mingi aliulinda kama mwenye hoteli anavyolinda mapishi ya pilau. Unaketi kwenye kiti chake cha mbao, anakuambia unyooshe mgongo, ushushe kidevu, "moja… mbili…" na cha! Picha imekwisha. Wewe bado unautengeneza uso wa kwenye tatu.

"Kwenye tatu mtu ameshavaa uso wa kuazima," aliniambia siku moja nilipomuuliza. "Kwenye mbili bado ni yeye."

Hata hivyo, tatu aliitamka, kwa adabu, kamera ikiwa imeshashuka kifuani. Kuna watu wenye wajukuu kule Kaloleni ambao mpaka leo wanaamini walipigwa kwenye tatu.

Sitasema alizaliwa wapi wala wa ukoo gani. Sikumuuliza, na yeye hakuniuliza wangu. Mtaani aliitwa Mzee wa Studio, mkewe akaitwa Mama Studio, na majina hayo yaliwatosha. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja karibu na ukumbi wa mtaa. Ukutani palining'inia pazia lililochorwa ngazi za hoteli ya kifahari, ila mchoraji alikuwa fundi wa mabango ya bucha, na ngazi zake zilipanda, zikapanda, zikaishia kwenye wingu. Watu walipigwa wakiwa wameelekeza mguu mmoja huko, kama wanaoitwa juu na hawana haraka. Nilizihesabu: kumi na moja. Nikahesabu tena: kumi na mbili, ukiitia ile iliyofichwa na mgongo wa kiti.

Mimi nahesabu mara mbili kwa sababu ya viatu. Kabla ya kamera nilikuwa nikiuza viatu vya mitumba Gikomba, na viatu vinakufundisha: unahesabu vya kushoto, unahesabu vya kulia, na hesabu zisipolingana hufungui kibanda mpaka ujue nani amekuchezea. Kamera yangu pia niliinunua mitumba. Muuzaji aliisifu kwa mengi. Mimi nilisikia moja tu. Ukikishikilia kitufe bila kukiachia, inapiga mfululizo, picha kumi kwa sekunde moja. Kumi! Nilihisi kama nimepewa nyongeza bila kuomba.

Siku ya kwanza nilimsalimu nayo. Alikuwa amesimama mlangoni pa studio, mikono imelowa, maana alinawa kila mara kabla ya kushika kamera, kama mtu anayekwenda mezani. Nikainua kamera, nikashikilia. Trrrrrr. Mzee akajitupa nyuma ya mlango.

"Umeua wangapi?" akauliza kutoka huko.

"Kumi na sita, Mzee."

"Mimi ni mmoja. Hao kumi na watano wengine ni akina nani?"

Tangu siku hiyo akaniita Rashasha, kwa ile bunduki inayomimina risasi. Jina lilinishika hadi Kariobangi ninakokaa. Bado kuna wanaonipigia simu na kusema, "Niaje Rash, uko free Jumamosi?"

Lazima nieleze habari za mkewe sasa, kwa sababu huko mbele kila kitu kinamhusu. Mama Studio alikaa kwenye kona na mkasi, akikata kingo za picha za pasipoti. Alikuwa na mdomo mkali na mikono myepesi. Kila Jumatatu ya Pasaka mzee alimketisha mbele ya zile ngazi akampiga picha moja. Moja tu, kwa mwaka. Alizihifadhi kwenye mkebe wa biskuti, na siku aliponionyesha nilizihesabu: thelathini na nne. Kwenye zote thelathini na nne Mama Studio alikuwa amefumba macho.

"Utafikiri nimeoa mtu aliyelala," mzee alisema.

"Zote ni za programu ya mazishi," Mama Studio akadakia kutoka kwenye kona. "Siku ikifika hamtapata taabu. Chagueni gauni tu."

Ile hila ya mbili haikufanya kazi kwake. Mzee alijaribu kubonyeza kwenye moja. Alijaribu bila kuhesabu. Mwaka fulani alibonyeza kwenye nne, akampata amefumba na anacheka.

"Hashikiki huyu," mzee akasema.

Mama Studio alinieleza siri yenyewe siku mzee alipotoka kwenda kununua karatasi. "Nasikia anavyoshika pumzi, mwanangu. Akishika pumzi, macho yangu yanafunga yenyewe. Hata nikiwa jikoni naosha sufuria, akishika pumzi huku, nafumba kule."

"Umewahi kumwambia?"

"Nimwambie aache kupumua?"

Dawa ilikuwa mkononi mwangu na nilimwambia mzee bila kuzunguka. "Hakuna mtu anayeweza kufumba macho sekunde mbili nzima akiwa amesimama mbele ya watu. Nikishikilia kitufe atafumba, atafumbua, atafumba tena. Kwenye ishirini, moja itakuwa wazi. Ni hesabu tu, Mzee."

"Hiyo si kupiga picha," akasema. "Hiyo ni kupiga kura."

Tulibishana hivyo miaka sita. Sio kwamba hakujua anachosema. Wakati mwingine alikuwa sahihi, na hiyo ndiyo ilikuwa tabu ya kubishana naye.

Mara moja tulijikuta wote wawili kwenye mchezo mmoja wa kandanda, uwanja wa Kariobangi, mafundi wa masufuria wakicheza na mafundi wa makochi. Penalti. Nikashikilia kitufe tangu mpigaji alipoanza kurudi nyuma. Kamera ikamimina, ikamimina, halafu ikanyamaza. Ilikuwa imeshiba picha na bado inazimeza kwenye kadi, na ikimeza haipigi, hata uiombe. Mzee alikuwa kando yangu anatafuna njugu. Akaacha kutafuna. Akashika pumzi. Cha, moja. Wiki iliyofuata picha ilikuwa kwenye dirisha la studio: kipa yuko hewani kama nguo iliyoanikwa, mpira uko kwenye ncha za vidole, na nyuma ya goli muuza mayai ameachama akionekana hadi jino la mwisho. Mimi nilikuwa na picha ishirini na saba za mtu anayekimbia kwenda kufanya jambo.

"Ulianza kula kabla ya chakula kuletwa," aliniambia.

Nikalipiza kwenye kwaya. Waimbaji arobaini na wawili, ngazi za kanisa, jua la saa sita. Yeye alipiga yake moja: watu watano wamefumba, mmoja anapiga chafya. Mimi nilishikilia sekunde mbili, nikarudi nyumbani, nikatafuta, na nikaipata ile ambayo kila mtu amefumbua. Nilihesabu macho themanini na manne. Nikarudia. Themanini na manne. Nikampelekea nikiwa nimejaa fahari.

Akaiangalia kwa muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nzuri," akasema. "Nimenyoosha mikono. Umenishinda."

Halafu, nikiwa mlangoni: "Lakini hakuna anayeimba."

Nilirudi kuangalia. Kweli. Midomo yote ilikuwa imefungwa nusu, katikati ya neno na neno. Nilikuwa nimetafuta macho, na nilipoyapata niliacha kutafuta. Nilicheka siku hiyo, nikasema mzee hakosi la kusema. Ningekuwa na akili ningekaa chini nikaliwaza.

Msidhani alikuwa mtu wa kale asiyejua dunia imefika wapi. Alikuwa na kamera ya dijitali kama sisi wote, ila aliitumia kama imewekwa filamu. Akifika picha ya thelathini na sita aliizima. "Imeisha," anamwambia mteja, kisha anakwenda kunywa chai, anaipumzisha, anarudi na kuiwasha kama mtu aliyebadilisha filamu. Nilimwonyesha kwa kidole kwamba kadi ina nafasi ya picha elfu mbili. Akaniuliza mtu mwenye akili timamu ana jambo gani la kuangalia mara elfu mbili.

Tena hakufuta kitu. Negativu zake zote zilikuwa kwenye bahasha, zimeandikwa kwa penseli. Picha iliyoharibika, mtu aliyetikisika, kidole kilichoziba lenzi, vyote alivihifadhi. "Anayepiga moja hana cha kutupa," alikuwa akisema, na mimi nilimjibu kwamba anayepiga kumi ana cha kuchagua. Kila mmoja aliondoka akiamini ameshinda.

Na bado mtu huyu mkweli, aliyekataa kumwondolea mbunge mtarajiwa chunusi moja kwenye bango, alikuwa na uongo wake. Walevi wakija kumsumbua, au wagombea wenye misafara wakitaka kupigwa wakisalimiana na kila mtu sokoni, alichukua kamera yake ya zamani, akainua, akahesabu moja, mbili, tatu, taa ikawaka, watu wakashukuru, wakaenda. Ndani hamkuwa na kitu.

"Hiyo ilikuwa bila filamu," alininong'oneza mara ya kwanza, uso umetulia kama wa mzee wa kanisa.

"Mzee! Na wakirudi kuichukua?"

"Hawarudi. Wao walitaka mwanga tu." Kisha akaongeza, kama anayejitetea mbele yangu: "Lakini sijawahi kumpiga bila filamu mtu aliyekuja na haja yake. Hata mmoja."

Nilimwamini. Mimi nikiamini kitu, nakihesabu mara mbili kwanza.

Yeye na Mama Studio walibariki ndoa wakiwa wazee. Walikuwa wameishi pamoja miaka yote bila kwenda kanisani, kama wengi wa rika lao, watoto wakaja, kazi zikaja, kanisa likasubiri. Ni Mama Studio aliyeamua. Alikuwa ameanza kuumwa kifua na alitaka jambo hilo liishe. Sasa bwana harusi hawezi kujipiga picha mwenyewe, na Kaloleni nzima ilikuwa ikingoja kuona Mzee wa Studio atapigwa na nani.

Alituma niitwe. Nikakuta ameshanawa mikono.

"Utapiga ngapi?" akaanza.

"Mia tatu."

"Watu wawili, kanisa moja, mia tatu! Unapiga harusi au unajenga ukuta?"

"Mia mbili na hamsini, kwa kuwa ni wewe."

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili ni vikombe, Mzee. Hiyo ni dazani ya vikombe. Mia mbili."

"Kumi na tano, na moja ya watoto."

"Mwenzangu angekuambia mia nne bila kupepesa. Mia na themanini."

"Mnagombania nini hapo?" Mama Studio akauliza kutoka kwenye kona, mkasi umesimama. "Mnanipima kama fungu la nyanya? Mpunguzie, mpunguzie, nitaoza!"

Tulicheka wote watatu. Mwisho mzee alipiga goti lake kofi. "Sikia. Wewe piga utakavyo, hata ukimaliza umeme wa mtaa. Lakini mkononi mwangu zifike thelathini na sita. Filamu moja. Ya thelathini na saba siipokei."

"Thelathini na sita. Tumeelewana."

Alinisindikiza mpaka nje. Hakuwa mtu wa kusindikiza. Pale kwenye bomba la maji, mahali ambapo Mama Studio asingesikia, akanishika kiwiko.

"Rashasha."

"Mzee."

"Moja awe amefumbua."

Ilimchukua miaka sita kusema hivyo, na hakuniangalia alipokuwa akisema.

Siku yenyewe nuru ilikuwa nzuri, ya asubuhi, inaingia kwa madirisha ya kando. Mchungaji alipomaliza akawageuza kwa waumini, mimi nikainua kamera. Na mzee, aliyesimama mikono mitupu ndani ya suti ya kuazima, alipoona kamera inapanda, akashika pumzi. Mazoea. Mama Studio hapo hapo akafumba. Kanisa lote likaangua kicheko, maana kila mtu mtaani alikuwa anajua ile stori ya macho yake. Mimi sikucheka. Nilikishikilia kitufe na nikaendelea kukishikilia.

Kumi na tisa. Nilizihesabu mara mbili nikiwa bado nimesimama.

Nyumbani nilizipitia kwa kidole. Nyingi zilikuwa za kutupa kwa sheria ya kazi yetu: macho yamefungwa, macho nusu, weupe tu unaonekana, uso umegeuka pembeni. Macho nusu hayapelekwi kwa mteja, hilo hata anayeanza leo analijua. Mtu anaonekana amelewa. Ya kumi na moja ndiyo iliyokuwa safi. Amefumbua kabisa, anatazama lenzi, nuru imetua ndani ya kila jicho kama nukta.

Siku nzima nilikuwa nimepiga mia nne na kumi na mbili. Nikachagua thelathini na sita, nikazihesabu, nikazihesabu tena. Makubaliano ni makubaliano. Kesho yake Jumapili nilikuwa na ubatizo Majengo, na kadi nzuri nilikuwa nayo moja, imekaribia kujaa. Kwa hiyo nikafuta zilizobaki, mia tatu sabini na sita, nikiwa nimekaa kitandani nakula andazi. Kamera iliniuliza kama nina hakika. Mashine yenyewe iliniuliza. Nikabonyeza ndiyo, nikafuta vidole kwenye sketi.

Nilipompelekea ile ya kumi na moja, nimeikuza, imewekwa fremu, mzee aliishika kwa mikono miwili karibu na dirisha. "Ni hii," akasema. "Ni hii, Rashasha." Mama Studio akaja kuchungulia begani mwake.

"Kumbe nina macho," akasema.

Niliondoka Kaloleni siku hiyo nikiwa na urefu wa ukumbi. Nilimweleza kila mtu aliyetaka na asiyetaka: yeye miaka arobaini, na mimi nilihitaji sekunde mbili.

Mama Studio alifariki masika yaliyofuata. Picha iliyotumiwa kwenye programu ilikuwa ile. Watu walinishika mkono makaburini kunishukuru, na mimi, Mungu anisamehe, nilipokea.

Kisha nikapotea. Kazi, harusi, mahafali. Mtu anayeshika kazi za wikendi hana wikendi. Nilikuja kurudi miezi mitano baadaye, baada ya kusikia kwamba mzee amefunga studio kwa sababu ya macho. Daktari alisema ni presha ya macho. Haiumi, inakula pembeni kidogo kidogo, na kilichokwisha kuliwa hakirudi.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha wateja, chini ya zile ngazi. Aligeuza kichwa chote kunitafuta, kama kuku.

"Naona kwa tundu," akasema. "Kama nimewekwa lenzi ndefu na siwezi kuitoa. Nikikuangalia pua, masikio yako yamekwenda. Keti."

Nikaketi kwenye kona, penye mkasi. Ile picha ilikuwa ukutani, mahali pa kalenda.

"Nzuri sana ile," akasema, akijua ninapoangalia. "Sijawahi kuibishia. Lakini nimekaa nayo miezi mitano, Rashasha, na kila siku naisogelea zaidi, na nimeona kitu. Anakutazama wewe."

"Anatazama kamera, Mzee."

"Nani alikuwa ameishika?"

Nikauokota ule mkasi, nikaurudisha mahali pake.

"Mimi nimempiga miaka yote na sijamwona akinitazama, kwa kuwa alifumba. Sasa amefumbua, na anakutazama wewe. Si kosa lako. Lakini ulishikilia kitufe. Niliisikia inamimina. Kabla ya hii kulikuwa na zingine, sivyo? Akitoka kule kwenye kufumba akija huku kwenye kufumbua, kuna mahali alipita." Akageuza kichwa, akanipata. "Miaka sita umeniambia faida ya kitu chako ni kupata moja. Nimekaa hapa nikawaza, labda faida yake ni zile zingine. Niletee. Zote, hata mbaya. Nizione kabla hili tundu halijaziba."

Nilisema nitaangalia. Ndivyo nilivyosema, "Nitaangalia, Mzee," kama muuza viatu anayejua namba tisa hana.

Nilikwenda moja kwa moja kwa fundi wa kompyuta kule Kariobangi, mtu mzima anayeheshimika, anayefufua simu zilizoanguka chooni. Aliichomeka ile kadi, akasubiri, akakuna shingo.

"Sister, hii kadi umepiga juu yake mara ngapi?"

"Nyingi."

"Ungekuja siku ile ile, kabla ya kupiga tena, ningekupatia zote. Picha ikifutwa haiendi mbali. Inakaa hapo inangoja nafasi yake ichukuliwe." Akageuza kioo nikaona alichopata: nusu ya keki, na kiatu cha mtoto wa ubatizo. Cha kushoto.

Jumamosi nikarudi Kaloleni. Njiani nilipanga uongo wa namna tatu na nikaukagua kila namna mara mbili. Ulikuwa mzuri. Mzee alikuwa amenawa mikono, amevaa miwani, na amevuta meza ndogo karibu na dirisha kwa ajili ya kompyuta yangu. Nilipoiona ile meza tupu, uongo wote ukaniishia.

"Nilizifuta," nikasema. "Jioni ile ile ya harusi. Ulitaka thelathini na sita."

Nje mtu alikuwa akipita na mkokoteni wa maji.

"Zilikuwa ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Ulihesabu?"

"Mara mbili."

"Basi uliziona." Akavua miwani, akaiweka juu ya ile meza. Akafumba macho. "Nionyeshe."

Nikaanza. Nilimwambia ya kwanza amefumba kabisa, kama anayeomba. Ya pili amefumba, lakini mdomo umeanza kucheza upande mmoja. Ya tatu amefumba, na wewe Mzee umegeuza shingo kumtazama. Ya nne kope zimeinuka, weupe tu. Ya tano jicho moja, la upande wako.

"La upande wangu," akasema.

Ya sita yote mawili, nusu. Uso umegeuka. Anakutazama wewe.

Akashika pumzi. Niliisikia.

Ya saba bado anakutazama, na mashavu yamepanda. Amegundua kwamba ulishika pumzi bila kamera, na anakucheka. Ya nane ameinua mkono kuweka kola yako sawa, vidole vimefika hapa. Nikainuka nikamgusa shingoni kumwonyesha. Ngozi yake ilikuwa baridi.

"Ya tisa," akasema.

Ya tisa sikuwa nayo. Nilitafuta. Nilikumbuka andazi, nilikumbuka kidole changu kikisukuma picha kwenda pembeni, nilikumbuka nikiwa na haraka ya kufika kwenye ya kumi na moja. Mzee alikuwa ameinamisha uso, anasubiri, na mimi ni mtu wa sokoni, siachi mteja aondoke mikono mitupu.

"Ya tisa," nikasema, "anacheka sasa, meno yote nje, na kichwa amekilaza begani pako, na—"

Akainua mkono. Hakuwa na hasira.

"Hapo," akasema, "sasa unapiga bila filamu."

Baadaye alinyoosha mkono akatafuta miwani yake juu ya meza, akaipata mara ya pili, akaivaa, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Niliondoka pale na picha nane, na nilijiapiza kwamba hizo sitazipoteza. Asubuhi hii, kabla ya kuketi kuandika, nimezihesabu. Nane. Nimemaliza kuandika nikazihesabu tena, kwa utaratibu, moja baada ya nyingine, macho yangu yakiwa yamefumbwa ili nizione vizuri.

Nimepata saba.